Jiwe la Ivuna Lililoyeyuka kwa Mvua

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusini kwangu nilichinjiwa ng'ombe. Ilikuwa jioni, jua bado lipo, mbingu ya Ivuna kavu kama ngozi iliyowambwa. Mwingereza ndiye aliyetawala, na ile vita yao ya pili ilikuwa bado haijatufikia hata kwa uvumi. Nilikuwa bibi harusi wa msimu mmoja, mgeni bondeni. Nilitoka kwetu Mbozi, juu kwenye baridi na migomba, nikaja kuolewa kwenye joto la Rukwa na Simbeye, kijana mchunga ng'ombe mwenye maneno machache na meno mazuri. Usinicheke. Wakati ule meno yalikuwa sifa.

Kabla sijafika kwenye jioni yenyewe, ngoja nikueleze nilitoka nyumba gani. Baba yangu, Mzee Nzunda, alikuwa mfua chuma. Baba yake na babu yake walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha katika tanuri la udongo lililomzidi mtu kimo, wakafua majembe yaliyolima hadi Usafwa na Unamwanga. Majembe ya dukani yalipoingia, matanuri yale yalikufa moja moja, lakini baba alibaki na mivukuto yake na heshima yake. Mtu akitaka kujua chochote kuhusu mawe, alikuja kwetu.

Nilipokuwa mdogo baba alitupeleka kuona lile jiwe kubwa la Mbozi, kimondo, limezama nusu ardhini kilimani, jeusi, kama ng'ombe aliyelala baada ya kushiba. Alilipiga kwa nyundo likatoa mlio.

"Mnasikia?" akasema. "Chuma. Nilipokuwa kijana nilitaka kukata kipande nitengeneze kisu. Patasi zangu zilivunjika. Wazee walituambia lilishuka kutoka juu. Basi jueni, kitokacho juu ni chuma."

"Baba, nani alilirusha?" nikamwuliza. "Na huko juu nani aliyachochea makaa?"

Mama akaniambia nifunge mdomo. Baba hakukasirika. Alisema, "Kuuliza si ujinga, Raheli. Lakini hilo sina jibu lake." Nilikua na swali lile kama mtu anavyokua na kovu, halimwumi, lakini mkono hulipapasa.

Ivuna nilikabidhiwa kwa shangazi wa mume wangu. Tulimwita Shangazi Nambeye. Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, na mumewe alipokufa alirudi kukaa kwa ndugu zake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya chumvi. Unakwangua udongo wenye chumvi, unautia kwenye chungu chenye matundu, unaumwagia maji, na yale yanayochuruzika chini unayachemsha mpaka yakauke. Kuyasema ni rahisi. Kazi yenyewe ni moto, moshi na mgongo. Chumvi ya Shangazi ilikuwa nyeupe kuliko ya wengine wote kwa sababu aliyarudia maji kuyachuja na hakuwa na haraka. Wanunuzi kutoka Msangano na Tunduma, hata ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, waliulizia kwanza chumvi yake. Nawe unawajua watu. Mjane, hana mtoto, na biashara yake inakwenda. Kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa, zilingoja mtu wa kutia moto.

Basi jioni ile tulikuwa vyunguni, mimi nachochea, Shangazi anaengua povu. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimechelewa, nasi tulikuwa tunamalizia udongo wa mwisho. Ghafla nikaona kivuli changu kinatembea chini, na mimi nimesimama. Nikainua macho. Mbinguni palikuwa na moto mweupe unaokimbia, nyuma yake mkia wa moshi, na hakuna sauti yoyote. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, ule ukimya. Moto ukazimika. Tulikaa tukitazamana, na ndipo mngurumo ukaja, kama radi inayobiringishwa juu ya mabati, na baada yake mluzi, na baada ya mluzi kishindo nyuma ya nyumba ya Shangazi, katika shamba lake la uwele. Mbuzi walikata kamba.

"Usiende, mwanamke wee!" Shangazi alinipigia kelele. Nilikuwa nimekwisha kwenda.

Palikuwa na shimo dogo, na ndani yake jiwe jeusi lililopasuka vipande. Nilidhani litaniunguza. Lilikuwa vuguvugu tu, kama yai lililotoka chini ya kuku. Nilipolishika liliacha weusi vidoleni. Nikashangaa: lilikuwa jepesi, laini, ukucha uliingia. Nikakumbuka nyundo ya baba na ule mlio wa chuma, nikajiuliza, hivi haya mawili ni ndugu?

Wengine hawakujiuliza hivyo. Walijiuliza ni nani.

Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alikuwa na ndugu aitwaye Sichalwe, naye alikuwa hoi kwa homa siku hizo. Haukupita muda maneno yakaanza kutembea kutoka jiko hadi jiko: Nambeye ameita moto kutoka juu, umeangukia shambani kwake mwenyewe, na Sichalwe anakufa. Mtu akihoji, anaambiwa, "Lisemwalo lipo." Mwanangu, methali ni dawa, na dawa ukiitumia vibaya inaua. Wazee walikutana kimya kimya, maana serikali ilikuwa imekataza mambo ya kuwahukumu wachawi na hawakutaka Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, asikie. Walikubaliana Shangazi afukuzwe, ahame bonde lote, na vyungu vyake vivunjwe. Mwanamke wa umri ule, ataenda wapi?

Nilimwambia mume wangu, "Baba yangu anayajua mawe. Waombe wamngoje." Simbeye, mtu wa maneno machache, siku hiyo aliyapata. Alimwendea jumbe, akapiga goti, akasema kwamba hata kesi ya mbuzi huitiwa shahidi. Jumbe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ndugu mgonjwa. Akakubali. Simbeye akapanda mlima kwenda Mbozi, akarudi na baba, miguu yote miwili ya mzee imevimba.

Walimkalisha baba kwenye uwanja wa jumbe, watu wamejaa, Shangazi ameketi peke yake upande mmoja, hakuna aliyetaka kuwa karibu naye. Nilikwenda kukaa karibu naye. Baba alipewa kipande cha jiwe. Akakigeuza, akakinusa, akakikwaruza kwa kisu. Halafu akakiweka juu ya jiwe la kusagia na kukigonga kidogo kwa nyundo. Kikavunjika kama tope lililokauka.

"Hili si jiwe la juu," akasema. "Nimelijua jiwe la juu tangu utoto. La juu ni chuma. Hiki ni kitu cha hapa hapa chini."

Baba alikuwa amesema kweli kama alivyoijua, wala hakuona amefanya nini. Lakini wale waliokuwa wakingoja waliona mara moja.

"Mmesikia!" mtu mmoja akapaaza sauti. "Kama halikutoka juu, basi limetoka chunguni mwake!"

Kelele zikazuka. Nami, bibi harusi, mgeni, mbele ya wakwe na baba yangu mzazi, nikasimama.

"Baba, nililiona likija. Kwa macho yangu."

Akanitazama kwa ukali ambao sikuuzoea. "Macho yako, Raheli, yashindane na nyundo yangu?"

Nikaketi. Ungefanya nini? Ndipo Shangazi Nambeye, ambaye tangu mkutano uanze hakuwa amefungua kinywa, akauliza kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa:

"Mkwe wetu, naomba kuuliza. Lile la kwenu Mbozi, wewe ulikuwapo lilipoanguka?"

Baba akaitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake.

"La," akasema hatimaye. "Sikuwapo. Wala baba yangu hakuwapo. Niliambiwa."

"Huyu mtoto alikuwapo hili lilipoanguka," akasema Shangazi. "Sina zaidi."

Mwanangu, nimewaona watu wakubwa wakishindwa katika maneno, na nimeona wanavyofanya: hupandisha sauti. Baba alishusha yake. Alimwomba jumbe ampe nafasi mpaka kesho, achunguze upya. Akaenda kwa mume wangu kulala, na kile kipande alichobaki nacho akakiacha nje juu ya kigoda, kwa kuwa mama mkwe wangu hakutaka kiingie ndani.

Usingizini tulisikia mvua ya kwanza. Nilipotoka asubuhi kuwasha moto, nilimkuta baba ameinama juu ya kigoda. Kipande hakikuwapo. Palikuwa na tope jeusi linalotiririka kwenye mguu wa kigoda. Nilidhani ana huzuni. Alipogeuka, niliona anacheka, yule mzee, machozi yanamlengalenga.

"Raheli, njoo uone. Limeyeyuka! Mvua moja tu!" Akachovya kidole kwenye tope lile. "Sasa niambie. Tangu dunia iumbwe, ni mawe mangapi kama haya yameanguka, mvua ikayala, na hakuna aliyejua? Sisi tulijua chuma peke yake kwa sababu chuma ndicho kilichoweza kutungoja. Nami nikasema kila kitokacho juu ni chuma!"

Swali langu la utotoni lilikuwa dogo mbele ya hilo.

Baada ya hapo baba hakukaa. Alitembea nyumba hadi nyumba kwa miguu yake ile iliyovimba, akimwuliza kila mtu peke yake, asisikie jibu la mwenzake: ulisimama wapi, uliona nini kwanza, ulisikia nini baadaye, moto ulitoka upande gani? Aliwauliza wachungaji huko malishoni, akawauliza watu wa kijiji cha jirani ambao hata hawakumjua Nambeye. Wote walinyoosha mkono upande ule ule. Wote walisema mwanga ulitangulia, kishindo kikafuata. Na mchungaji mmoja alionyesha kipande kingine alichokiokota mbali kabisa na shamba la Shangazi. Alikificha chini ya paa akiogopa naye atasingiziwa.

Mwisho alikwenda nyumbani kwa Sichalwe. Nilimfuata nimembebea maji. Mgonjwa alikuwa amelala, anapumua vizuri kuliko jana yake. Mkewe alikuwa jikoni.

"Mama," baba akamwuliza, "mwenzako alianza lini kuugua?"

"Kabla ya lile jambo," mwanamke akajibu bila kuwaza. "Kishindo kilipopiga nilikuwa namfunika blanketi, anatetemeka. Hata nikamwangukia kwa..." Akakatisha. Akaweka mwiko chini. Nilimwona akielewa alichokisema.

"Kuna mtu aliyekuuliza hilo kabla yangu?"

"Hakuna," akasema.

Uwanjani kwa jumbe, baba alisimama jioni hiyo na tope lile ndani ya kibuyu. Alieleza habari za mashahidi na kipande cha mchungaji kikaonyeshwa. Akamwomba mke wa Sichalwe arudie maneno yake, naye, ingawa shemeji zake walimtolea macho, akayarudia. Mwanamke yule alikuwa jasiri, sitaki umsahau. Kisha baba akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia mzee wa heshima yake akilisema hadharani:

"Jana niliwaambia jiwe hili halikutoka juu. Nilikosea. Lilitoka juu. Nilichokijua kilikuwa kweli, ila kilikuwa kidogo, nami nikakitandaza kufunika dunia nzima. Mama huyu nusura afukuzwe kwa neno langu. Nambeye, nakuomba radhi."

Jumbe akasema kesi imekwisha. Sichalwe alipona. Wapo walioendelea kuvuka upande wa pili wa njia wakimwona Shangazi. Mambo ya namna hiyo hayafi kwa siku moja. Naye hakuwachekea mwaka mzima, nami sikumlaumu. Chumvi aliendelea kuwauzia, bei ile ile. Aliniambia, "Chumvi haina kinyongo. Mimi ninacho."

Nilipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kwetu Mbozi kupumzika. Baba alikuwa amechukua kipande cha yule mchungaji, amekifunga kwenye ngozi kavu, na tukakipeleka kwa Mwalimu Mgala, aliyefundisha shule ya misheni na aliyekuwa amesoma mbali. Baba alimsimulia yote. Mwalimu alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akatusimulia, kama alivyofundishwa na walimu wake, habari ambazo nimewasimulia watoto wangu wote.

Alisema kwamba zamani sana huko Misri, kabla watu hawajajua kuyeyusha chuma, wafalme walivaa shanga za chuma kilichotoka juu, wakakithamini kama dhahabu. Wachina waliandika kila walipoona mawe yakianguka. Kwa Wayunani wa kale alikuwapo mwenye hekima mmoja aliyesema jua ni jiwe linalowaka wala si mungu. Watu wa mji aliokuwa akiishi walimshitaki, akalazimika kuhama.

"Akahama?" nikauliza. Nilimkumbuka Shangazi.

"Akahama, mama. Karne nyingi baadaye wenye elimu wa Ulaya walikataa kabisa kwamba mawe huanguka kutoka juu. Mkulima akileta jiwe, akasema limeanguka shambani kwake, walimcheka. Walimwambia limepigwa na radi, au limerushwa na mlima wa moto. Wengine waliyatupa mawe waliyokuwa wameyahifadhi, wakiona haya kuwa nayo. Baadaye mawe yalinyesha juu ya mji mmoja wa Ufaransa, mchana, watu wengi wakiona. Serikali ikamtuma msomi kijana. Unajua alifanya nini, Mzee Nzunda? Alitembea kijiji hadi kijiji, akamwuliza kila mtu aliona nini na alisikia nini."

Baba alipiga kofi pajani. "Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Na tangu hapo wasomi waliamini."

"Kumbe," baba akasema polepole, "hata wao walikuwa na nyundo kama yangu."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka mara moja, maana kichwa changu kilikuwa mbali, kinatembea pamoja na yule kijana Mfaransa kutoka mlango hadi mlango. Nilimwuliza mwalimu jambo ambalo mama alinikanya nisiulize: huko juu, nani aliyachochea makaa? Akasema wasomi wa siku zile walikuwa bado wanabishana. Wengine walidhani ni mabaki ya nyota kubwa iliyovunjika. Miaka mingi baadaye, nikiwa na wajukuu, mmoja wao aliyesoma sayansi aliniambia kwamba mawe laini meusi kama lile ni katika vitu vya kale kuliko vyote tunavyoweza kuvishika, mabaki ya vumbi lililoumba jua na dunia. Nikavitazama vidole vyangu. Nilikuwa nimelishika likiwa vuguvugu. Wasomi wa kesho huenda wakasema mengine, na mimi ningependa sana kuyasikia.

Sasa nikuachie maneno yangu, mwanangu, maana safari hii ya hadithi sikuianza ili nijisifu kwamba niliona moto mbinguni. Ukikutana na jambo usilolijua, ulizia kwanza ni nini na lilianza lini, kabla hujauliza ni nani. Swali la nani ni tamu mdomoni na limebomoa nyumba nyingi. Waulize walioona, kila mmoja peke yake, na usiwasahau wanawake jikoni. Wazee wa kale usiwacheke; walitazama kwa macho waliyopewa, na sisi tumesimama mabegani mwao. Lakini usiwaabudu pia. Ujuzi ulio nao ushike kwa mkono uliofunguka kidogo, ili ukweli mkubwa zaidi ukija upate pa kuingia. Na siku utakapokosea mbele za watu, usipandishe sauti. Ishushe. Baba yangu alishindwa katika ubishi siku ile, na tangu siku ile watu walikuja kwake kutoka mbali zaidi kumwuliza mambo, kwa sababu walijua kwamba asilolijua atasema halijui.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa na ulimi usio mwepesi kuhukumu. Akupe walimu watakaokuambia "sijui", na watoto watakaokuuliza mpaka ukose jibu. Uende kwa amani, mwanangu, uishi uyaone yale ambayo sisi hatukuwahi hata kuyauliza.